Kuufuata Mwezi Mweiga

Oktoba 1973, siku chache baada ya mwezi mpevu. Tangu asubuhi Nyeri ilikuwa ndani ya ukungu, na manyunyu hayakukoma.

Ilikuwa Karva Chauth. Siku hiyo sisi wake wa Kihindu tuliotoka Punjab hatuli wala hatunywi tangu kabla ya kucha, tukiwaombea waume maisha marefu. Mwezi ukitoka unautazama kupitia chekeche ya unga, kisha kwa chekeche hiyo hiyo unautazama uso wa mumeo, naye anakunywesha maji. Mimi nilikuwa bibi arusi wa mwaka huo. Mama mkwe alifunga pia, na miguu yake ilikuwa imevimba. Giza lilipoingia bila mwezi, midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Mama, kunywa kidogo tu," mume wangu alimsihi.

"Ati ninywe? Umechoka na baba yako?"

Jirani yetu, mke wa polisi kutoka Kakamega, alikuwa ameleta maziwa, akasikia. "Dada," akaniambia, "mzee wangu ametoka Mweiga sasa hivi, viatu vumbi tupu. Huko hakuna wingu."

Mimi si mtu wa kutoa amri, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini nilisema, "Twendeni."

"Tukatafute mwezi kama mbuzi aliyekata kamba?" mama mkwe akauliza, huku anavaa shali.

Baba mkwe alibaki kulinda duka letu lililokuwa mbele ya nyumba, kwa sababu mlinzi hakuwa amefika. Nimtendee haki: aliuliza kama anahitajika, na sote tukasema hapana.

Karibu na Mweiga pikapu yetu ilitoka kwenye mvua na barabara ikawa kavu. Mwezi ulikuwa juu ya bega la mlima, wa manjano, umemeguka upande. Mama mkwe aliinua chekeche, akaomba polepole, kisha akageuka. Ndani ya chekeche akaukuta uso wa mume wangu.

"Wewe si wangu," akasema. "Wangu tumemwacha dukani!"

Tulicheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Kisha mimi nikautazama mwezi na mume wangu kupitia chekeche, naye akaleta kikombe mdomoni mwangu. Nikakisukuma.

"Kunywa, wee msichana! Saumu yako imekwisha."

"Tutakunywa pamoja nyumbani, Mama."

Sijui kama kidini nilikuwa sawa. Nilijua tu kwamba maji hayo yasingepita kooni Mama akinitazama na kiu yake. Njia nzima alinishika mkono.

Nyeri mvua ilikuwa bado inanyesha. Mama mkwe alimwinulia baba mkwe chekeche pale pale mlangoni.

"Na mwezi uko wapi?" mzee akauliza.

"Nimeuacha Mweiga. Nipe maji."

Akampa. Alipokunywa ndipo nami nikanywa.

Tulikula puri, mikate ya kukaanga iliyokwisha kupoa, viazi vya mchuzi wa nyanya, na mchele wa Mwea uliopikwa kwa maziwa na iliki.