Leso ya Alasiri

Harufu ya udi ikichanganyika na moshi wa makaa hunirudisha Majengo, Pumwani, hata nikiwa katikati ya mji, na kabla sijatazama saa moyo wangu huwa umeshaniambia kwamba ni alasiri na Mama amemaliza kuoga. Miaka ya hamsini nilikuwa msichana mdogo wa chuo cha Kurani, magoti yamejaa vumbi, na tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. Chumba kilikuwa kimoja, lakini siku ya Mama ilikuwa na vyumba vingi, na kila kimoja aliingia kwa vazi lake. Asubuhi alijifunga leso kuukuu iliyochujuka mpaka maua yake hayajulikani ni maua gani, akafagia ua na kuchochea makaa. Sokoni alikwenda na buibui. Ikishaadhiniwa alasiri na kuswaliwa, alichukua ndoo ya maji akaingia bafuni uani, na aliyetoka humo alikuwa mtu mwingine: leso jozi nyekundu zilizofukizwa udi, wanja machoni, na asumini nyweleni ikiwa imepatikana. Kisha aliketi barazani. Baba alikuwa akikata nyama kwenye bucha moja pale Soko la Burma, na alipotokea kwenye kona, koti la kazi lenye damu amelikunja kwapani, alimkuta mkewe tayari. Naye hakuingia chumbani na harufu ya nyama. Alipitia uani, akaoga, akavaa kanzu, ndipo akaja kumsalimia Mama kama watu ambao ndiyo kwanza wanaonana leo. Hakuna aliyenieleza maana ya hayo yote. Nilisoma saa kwa nguo za Mama, na nguo hizo hazikuwahi kunidanganya.

Kisha ikaja hali ya hatari, na misako ya Wakikuyu. Baba alikuwa Mwislamu, mtoto wa Mwislamu, lakini babu yangu alikuwa Mkikuyu aliyesilimu, na kipande cha Baba, kile kitambulisho cha serikali, kilisema hivyo. Asubuhi moja askari walimkamata njiani akienda kazini, wakampakia kwenye lori la kwenda kambini, kizuizini, pamoja na wanaume wengine, na habari tukaletewa na jirani yetu Mwanaheri, ambaye mwanawe aliona. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Lakini alasiri ilipofika alichukua ndoo, akaoga, akajifunga leso nyekundu, akapaka wanja juu ya macho yaliyovimba, akaketi barazani. Nilifurahi mno, nikajua Baba anakuja. Nikakodoa macho kwenye kona mpaka giza likaingia. Kesho yake akavaa tena, na kesho kutwa, na wiki zikageuka miezi. Leso ilisema Baba yuko njiani, kona ilisema hayupo, nami sikujua nimwamini nani. Kila siku nilimngoja kwa sababu ya leso ile, na kila usiku nililala na kwikwi kwa sababu hiyo hiyo. Kuna nyakati nilitamani aivue aichome moto.

Na penye wengi pana mengi. Mferejini, tulikochota maji sote, maneno yalijaa kabla ya ndoo. Mume yuko kambini, mke anapaka wanja. Wanja huo anampakia nani? Mwanaheri mwenyewe, ambaye kwake tulikuwa tukiomba chumvi, alianza kujibu salamu yangu nusunusu. Msichana mmoja wa chuoni aliniuliza mbele ya wenzetu, "Mamako anangoja bwana gani pale barazani?" Nami nilitaka kujua. Nilipofika nyumbani nilimuuliza Mama kwa nini anajipamba na Baba hayupo. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini anapumua. "Ni alasiri," akasema, basi. Jibu gani hilo?

Aliyetuzidishia kizaazaa ni Shangazi Zuhura, dada yake Baba. Alikuja siku moja macho mekundu, kwapani ana kifurushi, akakifungua mkekani: bafta nyeupe, mpya. Nilishaiona bafta. Niliiona ikivaliwa na wajane wanaokaa eda, na niliiona ikikatwa sanda.

"Wifi, vua hizo nyekundu," Shangazi alisema. "Kuna mtu katolewa kambini. Anasema kaka amekufa kwa homa."

"Huyo mtu alimwosha?"

"La."

"Alimzika?"

"Alisikia kwa wenzake. Lakini wifi, lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Likija litanikuta nimeoga," Mama alisema. "Kunywa chai, inapoa."

Shangazi aliondoka analia, bafta akaiacha. Nililala nikiitazama juu ya sanduku. Kwa akili yangu ya kitoto, nguo ndizo zilizoleta mambo: Mama akivaa nyeupe, basi Baba amekufa, asipovaa, yu hai. Nilimwomba Mungu bafta ile iliwe na panya. Haikuliwa. Maulidi yalikuwa yamekaribia, na siku moja nilirudi kutoka chuoni nikamkuta Mama ameikata. Alikuwa akinishonea kanzu ya kike ya Maulidi, kwa mkono, na kila alipofikia mwisho wa uzi aliukata kwa meno na kunipima mabegani. Sikujua kama amekataa eda au amenivika mimi. Siku ya Maulidi wenzangu walirusharusha kanzu zao kwa furaha, mimi nikatembea mikono nimeitenga na mwili, naogopa hata kuigusa, na watu wakanisifu kwa utulivu.

Baba alirudi mchana wa saa tano, saa ambayo haikuwa na vazi la kumpokea mtu. Mama alikuwa uani akisugua sufuria kwa majivu, leso yake ile iliyochujuka imelowa mpaka kiunoni, nami nikiwa pembeni yake. Mtu mwembamba, shati limemshinda mabega, akasimama penye mlango wa ua. Mimi sikumtambua, Mama alimtambua. Alisimama, akajitazama nguo, akamtazama yeye.

"Ngoja," akamwambia.

Akachukua ndoo, akaingia bafuni, akafunga mlango. Hasira zilinipanda. Mtu tumemlilia hivi, amerudi, naye anaambiwa angoje! Baba akaketi kizingitini taratibu, akasikiliza maji yanavyomwagika.

"Anavaa?" akaniuliza, na hapo ndipo nilipomjua, kwa sauti.

"Anavaa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika. "Basi niletee kanzu yangu, mwanangu. Na mimi siwezi kuingia hivi." Nilikwenda kuitoa sandukuni. Ilikuwa inanukia udi. Mama alipotoka na leso zake nyekundu jua la mchana likiwa utosini, aliweza kusema "Karibu" tu, kisha wanja wote ukamshuka mashavuni.

Siku hizi watu huvaa nguo moja tangu kitandani mpaka kitandani. Mjukuu wangu ni mmoja wao. Suruali yake ya michezo inajua asubuhi, sokoni na usingizini. Mwaka huu nimemaliza eda ya mume wangu, na baada ya kuivua ile nyeupe nilikaa nimeduwaa, sijui niwe nani. Kisha nikasikia adhana ya alasiri. Nilipomaliza kuswali niliingia bafuni, nikatoka, nikajifunga leso mpya, nikapaka wanja.

"Nyanya, mbona umedunga hivyo?" mjukuu akauliza. "Unangoja nani?"

Nilifungua kinywa nimweleze habari za Baba na kona na bafta, nikagundua kwamba mpaka leo sijui. Sijui kama Mama alikuwa na hakika, au alikuwa na hofu kunizidi. Nilichokuwa nacho ni jibu lake tu.

"Ni alasiri," nikamwambia.

Akanitazama vile vile nilivyomtazama Mama.