Herufi Mbili na Uyoga wa Mpita Njia

Nakumbuka siku moja, mwaka ule tuliokula mchele wa melini, mweupe kama chaki na hauna harufu, ilhali wetu wa Dakawa umejaa magunia hapo chini hauna mnunuzi. Kila kitu kilitoka nje, mjukuu wangu: mchele, mitumba, na kompyuta zilizokwishawachosha wenyewe.

Binti yangu Mwanaidi alikuwa kwenye majaribio ya kazi, duka la kuchapa kule mjini. Tajiri wake aliweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu ni wa bure, akamwambia ajifunze mwenyewe. Akishindwa arudi kwetu Bigwa akapalilie mchicha. Ndani ya mashine zilikuwamo kazi za wanafunzi wa chuo, jasho la miaka, zikisubiri kuchapwa. Nikimpelekea chakula niliogopa hata kuegemea meza.

Mchana huo nikamkuta kijana mmoja, Shabani, mtanashati wa maneno, kamwekea karatasi ya amri zilizopangwa mstari kwa mstari. Wenyewe huita skripti.

"Shikamoo, mama. Namsomesha dada hapa. Mashine nzito hii, akiandika haya itakimbia kama imetiwa mafuta."

"Marahaba. Na hizi herufi mbili za mwanzo?" Mimi darasa la nne liliniona kisogo, lakini herufi nazijua.

"R na m, mama. Rudisha mashine. Inarudi kuwa mpya."

Mwanaidi alikuwa keshaandika. Kidole kiko juu ya kitufe.

Nilikumbuka nyumba moja kule juu milimani, nikiwa msichana. Mpita njia aliwaachia uyoga mzuri, akaenda zake. Asubuhi chungu kilikuwapo jikoni, ila wa kukiosha hakuwapo. Tangu hapo bibi yangu akiletewa uyoga aliuliza kama mchumaji kaula. Akisikia kigugumizi, husema: "Uyoga asioula aliyeuchuma, mimi siupiki."

Nikamgeukia Shabani. "Wewe umeiandika kwenye kompyuta yako, ukaiona inakimbia?"

"Mama nawe! Ningekuwa na kompyuta ningeshinda hapa? Kanipa mshikaji, naye kaiokota intaneti."

"Mwanaidi, toa kidole."

"Mama, utanifukuzisha kazi!"

"Uyoga asioula aliyeuchuma, mimi siupiki."

Shabani akacheka akishika mbavu. Mwanaidi akanuna, lakini akafungua kile kitabu cha maelezo kinachokaa humo humo ndani ya Linux, ambacho siku zote alikikimbia kwa ugumu wake. Akasoma polepole.

"Mama. Siyo rudisha. Ni ondoa. Ondoa vyote, bila kuuliza."

Shabani hakucheka tena. Asubuhi ile ile alikuwa kampa dada yake karatasi kama hiyo, akajaribie ofisini kwao. Alitoka mbio bila kuaga, kandambili moja ikabaki mlangoni. Mpaka leo sijui alimkuta amefika mstari gani.

Sasa nawe, mjukuu wangu, umekuja na simu imejaa mafunzo. Kuuliza si ujinga. Kumwamini kila anayejibu ndio ujinga. Anza na kitabu kilicho ndani ya mashine: andika man, kisha jina la amri, usome kabla hujajaribu. Mwalimu mtafute yule anayefanya mwenyewe ukimwona, anayekwambia utaharibia wapi na utarudije. Asiyetaja shimo hajaipita njia hiyo. Kaa panapo watu wanaosahihishana. Skripti usiyoweza kunisomea mimi bibi yako mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, nikaelewa, usiibonyeze. Na mkono ukiwa mbichi, jaribia kwenye mashine isiyo na kitu cha mtu. Majuto ni mjukuu, nami wajukuu ninao wa kutosha.

Mungu akupe macho ya kusoma kabla ya vidole vya kubonyeza, na akukutanishe na waliotangulia wakafika. Ila ufunguo wa chumba humu nyumbani alimoweka Mwanaidi kompyuta yake, kwa hicho ulichokiokota jana kwenye simu, sikupi. Uyoga asioula aliyeuchuma, mimi siupiki.