Bunduki ya Gurjit, Bega la Tara

Wiki iliyopita walimfanyia Mzee Balwant maombi ya kumbukumbu kwenye gurdwara, hekalu la Masingasinga, na mimi nilikuwepo, kitambaa kichwani, nimekaa sakafuni pamoja na watu wa heshima zao. Rafiki yake mmoja wa zamani akasimama, akasema marehemu alikuwa baba wa kupigiwa mfano, ati alikuwa akimpeleka binti yake mpaka kuwinda bata, jambo ambalo wazee wengine wasingethubutu. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Tara, huyo binti mwenyewe, alikuwa kando yangu, kainamisha macho, mikono mapajani. Damu ilinichemka mpaka masikioni. Sikusema kitu, kwa kuwa yalikuwa maombi na mimi ni mgeni pale. Lakini nimerudi nyumbani na hasira ile na haijaisha, kwa hivyo wacha niitoe hapa.

Mimi naitwa Kavata. Nilifanya kazi ya kaunta katika duka la spea la Balwant, Barabara ya Kirinyaga, tangu nilipomaliza shule hadi siku duka lilipofungwa. Jina ukutani lilikuwa la Mzee, lakini duka lenyewe lilikuwa Tara. Stima zikipotea, Tara alikuletea beringi ya lori lolote kwa kupapasa rafu gizani. Mzee alikuja asubuhi, akanywa chai, akataniana na makanika, akaenda zake klabu. Kisha kulikuwa na Gurjit, mdogo wake Tara, aliyekuwa Kanada akisoma, halafu akifanya kazi, halafu akifanya mambo ambayo hakuna aliyeyaelewa. Simu ya Gurjit ikilia, sote tulinyamazishwa, hata mteja aliyekuwa na pesa mkononi. Tara angeweza kupata faida ya mwezi mzima na asiambiwe hata asante.

Wala hakulalamika. Sijawahi kuona mtu mwenye subira ya kuudhi kama ile. Kitu kimoja tu ndicho nilichowahi kumsikia akikitaka kwa ajili yake mwenyewe, nacho kilikuwa bunduki.

Msicheke. Miaka ile ndege wa majini walikuwa bado wanapigwa kwa leseni, msimu wao ukifika. Leo ukijaribu utajikuta kortini. Mzee na wenzake walikuwa na ruhusa ya kupiga bata kwenye bwawa la shamba moja nje ya mji, Jumapili chache tu kwa mwaka, na Tara alianza kwa kuwabebea chakula. Baadaye akawa anabeba risasi. Halafu siku moja mzee mmoja akaugua mguu, nafasi ikabaki, na Balwant kwa mzaha akampa Tara bunduki yake ajaribu. Tara akaangusha bata. Wazee wakasema ni bahati. Jumapili iliyofuata akaangusha wengine, na hapo hakuna aliyesema tena bahati, walisema tu chai iko wapi.

Jumatatu yake alikuja dukani na alama nyeusi chini ya mfupa wa bega. Mzee alikuwa jitu la mtu, na bunduki yake ilikuwa ndefu mno kwa Tara, kila mlio ilimpiga teke. Makanika mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama huyu dada anapigwa nyumbani. Nilipomweleza Tara alicheka sana, kisha akasema polepole, kama mtu anayeungama, kwamba anataka yake. Moja tu, ya kumtosha.

Kuanzia siku hiyo nilisomeshwa bunduki bila kuomba. Tara aliichagua kama watu wa Kirinyaga wanavyochagua gari la kwanza: usiangalie rangi, angalia kama spea zinapatikana. Ya mtutu mmoja ilikuwa rahisi kweli, lakini bata wakiruka na ukakosa, umekwenda nyumbani na wali mtupu. Ya pampu ina vyuma vingi vinavyotembea, na bwawani ni matope. Hizo zenye michoro ya maua na mbwa ubavuni, unalipia maua. Alitaka ya mitutu miwili inayolala sambamba, iliyotumika, isiyo na mapambo, na ya ule ukubwa wa kawaida ambao risasi zake ziko kila duka. Ile saizi nyembamba, alisema, utawinda risasi kuliko bata. Mtu anayekwenda bwawani mara chache kwa mwaka hahitaji zaidi ya hiyo. Yote haya aliyasema pia mezani kwao Loresho, mbele ya baba yake, na Mzee alikuwa akisikiliza, akipaka achari kwenye mkate wake, akisema tutaona.

Kisha asubuhi moja Mzee akaingia dukani, akamwambia Tara twende tukaangalie ile bunduki.

Aki ya nani, sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Tara alifungua droo, akaifunga, akaifungua tena, hakujua anatafuta nini. Akanibana mkono chini ya kaunta mpaka ukauma. Mzee akaniambia na mimi niingie garini, ningepitia benki wakati wa kurudi, na hivyo ndivyo nilivyoyaona mambo haya kwa macho yangu, sikuhadithiwa na mtu.

Duka la bunduki lilikuwa katikati ya mji, milango ya vyuma miwili na askari mlangoni. Fundi wao aliitwa Mwau, Mkamba mwenzangu, akanisalimia kwa lugha ya kwetu nikajisikia nyumbani. Mzee akavuta kiti, akakaa, akamwachia Tara kila kitu. Hilo ndilo lililotudanganya. Makaratasi yangekuwa kwa jina lake Mzee, kama ile nyingine, kwa hivyo hatukuwa na sababu ya kuuliza.

Tara akazikagua moja moja. Alizifungua, akazitikisa kusikia kama kuna kulegea, akaangalia ndani ya mitutu kuelekea mwanga kama kuna shimo au kutu. Aliangalia vichwa vya skrubu, maana skrubu iliyotafunwa inakwambia fundi mbaya ameshapita hapo, sawa na kwenye gia. Ile inayong'aa aliirudisha. Akashika moja ya Kihispania, kuukuu, mbao yake ina mikwaruzo, lakini ukiifunga inatoa mlio mmoja mkavu, kama mlango wa gari la Kijerumani. Bei yake pia ilikuwa ya watu. Akamwangalia baba yake, na Mzee akaitikia kwa kichwa.

Mwau akamwambia afunge macho, ainue bunduki hadi begani kama anayemlenga bata, kisha afumbue. Tara akafunga macho. Alikuwa anatabasamu, macho yamefungwa, mbele yetu sote. Alipofumbua, Mwau akamuuliza anaona nini. Akasema anaona ile shanga ya kulengea ya mbele tu, mitutu yenyewe haioni kabisa. Fundi akasema basi imekukubali, imebaki kitako tu, ile mbao ya begani, kupunguzwa kidogo. Akaeleza kwamba kitako kikizidi urefu kinakuumiza bega, na kikipungua, kidole gumba chako mwenyewe kinakupiga pua. Akaweka kitako kwenye kiwiko cha Tara, akaangalia kidole kinafika wapi kwenye triga, akachora mstari kwa penseli. Akauliza kama wana uhakika, kwa sababu mbao ikishakatwa imekatwa.

Mpaka hapo Mzee alikuwa amezungumza na Tara tu, kwa Kipunjabi, maneno mawili matatu. Sasa akamgeukia fundi kwa Kiswahili.

"Kata hapo hapo," akasema. "Mkono ya Gurjit na ya huyu ni sawa tu. Anakuja Disemba, nataka aikute tayari."

Mwau akaiangalia penseli yake. Mimi nilitaka kumtupia Mzee kiti, nasema kweli, kile kiti alichokalia. Tara alikuwa bado ameishika ile bunduki, na tabasamu lilikuwa bado usoni, halikuwa limepata habari. Mzee hakuona kitu. Alikuwa anatafuta miwani yake mfukoni.

Sasa sikilizeni. Tara ndiye aliyekuwa akimnunulia Gurjit mashati ya kumtumia Kanada. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyafunga na kuyapeleka posta. Mikono ya mashati yale ilikuwa inanifika mpaka kwenye kucha. Gurjit alikuwa na mikono mirefu kama ya baba yake, na dada yake alijua, na mimi nilijua, na baba mtu, aliyekuwa akimtaja kijana huyo asubuhi na jioni, hakujua. Tara akautazama mstari wa penseli. Kisha akampa Mwau bunduki.

"Kata," akasema.

Kwenye gari Mzee alifurahi sana, akamsifu kwa kuchagua vizuri, kwa bei nzuri, na Gurjit ataipenda. Tuliporudi Tara akaingia nyuma ya kaunta akauza breki pedi mpaka tukafunga. Nilimfuata stoo nikamwambia amwendee baba yake, aseme, hata apige kelele, mtu hafi kwa kupiga kelele. Akaniambia hana la kusema. "Nilifunga macho nikafurahi, Kavata," akasema. "Mbele ya watu." Hilo ndilo lililomuuma zaidi, na mimi linaniuma mpaka leo.

Disemba Gurjit akaja na koti lake la ngozi. Wakaenda bwawani, na Tara akarudi kwenye kazi yake ya zamani ya kubeba chakula. Nilihadithiwa Jumatatu. Bata waliruka, kijana akafyatua, na kidole chake gumba kikampiga pua, damu puu kwenye shati jeupe. Akajaribu tena, pua ile ile. Marafiki wa Mzee wakacheka mpaka wakashika mbavu. Gurjit akasema bunduki ni takataka, akamalizia likizo yake Mombasa na wenzake. Mzee akampigia Mwau simu, akamtukana matusi yote anayoyajua kwa lugha tatu. Nilimuuliza Tara kama alifurahi walau kidogo. Akafikiri, akasema alidhani angefurahi.

Bunduki ikafungiwa kwenye kabati la chuma Loresho. Mtu mwenye akili angesema, haya, kijana haitaki, binti chukua. Mzee hakusema. Msimu uliofuata Tara aliuliza mara moja, mara moja tu, kama anaweza kwenda na ile ya kabatini. Akajibiwa kwamba ni ya Gurjit, atarudi. Akaendelea na ile ndefu ya baba yake na alama zake nyeusi, wazee wakimpa zamu mmoja wao asipokuja, mpaka leseni za ndege zikaisha na bata wakapumzika. Hakuwahi kupiga hata risasi moja kwa bunduki aliyoichagua.

Miaka ikaenda. Duka lilifungwa, Mzee akaanza kuugua, na mwisho akalazwa hospitali moja pale Upper Hill. Tara alilala kwenye kiti kando ya kitanda chake usiku baada ya usiku. Gurjit alipiga simu ya video, akasema tiketi ni ghali wakati huu. Mimi nilikuwa napita Jumapili nikitoka kanisani na chupa ya uji.

Jumapili moja nilimkuta Mzee ana nguvu, akili zake zote ziko sawa. Tara alikuwa akimpangusa mikono kwa taulo yenye maji ya moto, kidole kimoja kimoja. Mzee akaanza kuzungumza habari za bwawa, za marafiki waliotangulia. Kisha akasema, kwa Kiswahili, labda kwa sababu mimi nilikuwepo, kwamba kuna kitu kimemsumbua miaka mingi.

"Ile bunduki tulichagua vizuri," akasema. "Chuma nzuri. Bei nzuri. Sasa shida ilikuwa nini?"

Taulo ikasimama.

"Haikuwa na shida, Papaji," akasema. "Ilikatwa kwa mkono wangu. Mkono wa Gurjit ni mrefu kuliko wangu. Ilinitosha mimi."

Mzee akamtazama. Alimtazama vizuri, uso, bega, mkono ulioshika taulo, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimesimama na chupa ya uji kifuani, na nikaomba, mimi niliyetoka kanisani dakika hiyo, nikamwomba Mungu amtoe huyu mzee neno moja tu. Nilijua ameelewa. Niliona kabisa kwamba ameelewa.

"Kumbe ulijua," akasema. "Sasa kwa nini hukumwambia fundi? Tungemkatia Gurjit yake vizuri."

Tara akamaliza vidole vilivyobaki. Akaikamua taulo, akaitundika kwenye chuma cha kitanda, akainyoosha kona zake.

"Ndiyo, Papaji," akasema. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama uji una sukari, maana daktari alikuwa amemkataza Mzee.