Pilipili za Zagorka Hewani

Sreten Perunović alitengeneza televisheni za watu wa Zrenjanin, mji wa Serbia, kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo kinyongo chake kilikuwa kimoja tu: mashine ya kukorogea keki ya Milunka, jirani wa mlango wa pili.

Hayo yalitokea mwaka 1984, redio ilipokuwa ikirusha programu za kompyuta hewani. Mtangazaji aliwaambia watu waandae kaseti, akahesabu mpaka tatu, kisha kwa dakika nne zikasikika kelele kama za nyenje waliofungiwa kwenye debe. Ukizirekodi vizuri na kuilisha kompyuta kaseti hiyo, ulipata mchezo. Jirani akiwasha kitu chenye mota, ulibaki na nyenje. Milunka aliwasha. Alikuwa na keki ya watu ishirini.

"Keki iliisha siku ileile," Sreten alipenda kusema. "Mimi ule mchezo sijaucheza hadi leo."

"Kwani keki hukuila?" Milunka humuuliza.

"Nilikula vipande viwili. Nilikuwa na hasira."

Kompyuta yenyewe aliiunda kwa mkono kufuata michoro ya gazeti, maana za dukani zilikuwa ng'ambo na watu wa forodha hawakuwa na mchezo. Kumbukumbu yake isingetosha barua ya mapenzi, na ilijua kulalamika kwa njia tatu tu: NINI?, VIPI? na SAMAHANI. Mkewe, Zagorka, alisema amewahi kuwa chini ya mabosi wenye maneno machache zaidi.

Sreten aliiunda, ila aliyeitumia ni Zagorka. Mwaka 1985 aliandika programu ya hesabu ya ajvar, ile achari ya pilipili hoho za kuchoma ambayo kila Septemba hulijaza jengo zima moshi. Unaandika jina la jirani, inakupa kilo na mafuta. Aliituma kaseti yake redioni, nao wakairusha. Sreten akairekodi salama kabisa. Majira ya baridi yalipofika, akarekodi juu yake mechi iliyokwisha bila kwa bila. Zagorka hakumfokea. Alimuuliza tu nani alishinda.

Sasa ni miaka kumi na moja tangu Zagorka afariki. Vijana fulani wa Belgrade walipoanza kuuza vipande vipya vya kompyuta ileile, Sreten alinunua, akalehemu kwa wiki tatu akiwa amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Iliwaka mara ya kwanza. Ikamwambia TAYARI, na yeye hakuwa na cha kuipa.

Ndipo redio ikatangaza kwamba imeikuta kaseti ya pilipili stoo, na itaicheza Jumamosi, saa kumi na moja na robo jioni. Sreten alipiga simu kuomba nakala. Fundi alimwambia utepe umeanza kupukutika, utavumilia mzunguko mmoja, na kwenye mtandao kelele zile zitakatwa, kwa sababu wasikilizaji hudhani mitambo imeharibika. Ilikuwa ni mara hiyo moja, basi.

Jumamosi Sreten alipita mlango kwa mlango, kama zamani. Ghorofa ya juu kijana Ognjen alikuwa akitoboa ukuta.

"Dakika nne tu, jirani."

"Mzee, niache kelele ili wewe usikilize kelele?"

"Ndiyo."

"Zangu zina kasoro gani?"

"Zako hazina pilipili."

Ognjen aliitazama drili yake, akaiweka chini.

Zamani nyumba tatu zilirekodi kwa pamoja, moja ikiharibika nyingine iokoe. Milunka, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja, alifutwa kwenye orodha hiyo baada ya keki.

"Nirekodi na mimi?" aliuliza mlangoni.

"Wewe usiguse kitu."

"Sawa, bwana mkubwa."

Saa ilipofika, Sreten alibonyeza kitufe. Lifti ilikuwa imezimwa. Jengo lilikuwa kimya. Dakika ya kwanza ilipita vizuri. Katika dakika ya pili mwili wake, bila kumshauri, uliinuka, ukaenda jikoni na kuwasha mashine ya kusagia kahawa, kwa sababu huo ndio uliokuwa muda wake wa kusaga kahawa kwa miaka arobaini.

Alizima. Kahawa ilikuwa imesagika vizuri sana.

Alijaribu kaseti mara tatu. NINI? ikasema kompyuta. NINI? NINI?

Alitoka kwenda kwa Milunka, akabisha hodi, kimya. Lifti, iliyokuwa imeshawashwa tena, ikafunguka nyuma yake, akatoka Milunka na koti, amekumbatia redio kaseti ya betri.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye benchi, kule kwenye mapipa ya taka. Nilitaka niwe mbali. Ikiharibika usije ukaniimbia miaka arobaini mingine."

"Imeharibika."

"Mimi sikuwepo."

"Ni mimi, jirani. Nimesaga kahawa."

Milunka alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeonja kitu kitamu na hataki kukimeza haraka. Kisha akaitoa kaseti.

"Nilirekodi. Najua uliniambia nisiguse."

Waliiingiza kwenye kompyuta ya Sreten, wakangoja dakika nne wamesimama. Kioo kikauliza: NANI? Sreten aliandika MILUNKA.

KILO 40. MAFUTA LITA 3. AZIME MASHINE.

Milunka alisoma mara mbili. "Huyu mwanamke alinisema redioni?"

"Mji mzima ulisikia."

"Na wewe hukuniambia."

"Nilikuwa bado nina hasira."

Milunka alicheka mpaka akatafuta kiti. Sreten akaandika jina lake mwenyewe.

AMENYE TU. ASIGUSE KITU.

"Asante, jirani," Sreten akasema, neno ambalo Milunka hakuwahi kulisikia kutoka kwake, hata siku ya keki.

"Asante haichomi pilipili. Jumatatu sokoni, wewe ndiye wa kubeba."

Jumatatu alibeba kilo arobaini. Akamenya zote, na hakugusa kitu kingine.