Safu Mbili za Kioo cha Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilibeba masanduku ya vioo kutoka bandari ya Kalundu, kando ya ziwa, hadi kituo chetu cha utafiti. Kila kioo kilikuwa picha ya anga, iliyopigwa kwa darubini kubwa ya nchi nyingine. Sisi wa mji wa Uvira tulipima tu. Nilikuwa na shule ya msingi peke yake, na haya nyingi. Nikiambiwa neno, niliitikia kwa kichwa tu. Lakini sikuvunja kioo hata kimoja, basi baada ya miaka miwili mkubwa wa chumba cha vipimo, tuliyemwita Shefu, aliniketisha mezani nipime.

Kupima ni hivi. Kioo kinalazwa juu ya taa, na nyota zinaonekana kama madoa meusi. Doa likiwa nene, nyota inang'aa zaidi. Kila namba ina vioo viwili: unapima kila nyota kwenye kile kilichopigwa kwa mwanga wa buluu, kisha kwenye kile cha mwanga mwekundu, halafu unatia nukta kwenye karatasi ya miraba. Nyota zilizozaliwa pamoja, nukta zake hukaa safu moja. Kila kioo kilipimwa na watu wawili wasioonyeshana kazi. Wakipatana, kipimo kinapita. Wasipopatana, kinatupwa.

Mwenzangu alikuwa Mapendo, mwenye diploma. Aliandika haraka na safi. Mimi polepole, nikifutafuta. Shefu alimwita Mademoiselle, bibie kwa Kifaransa. Mimi, hata mwaka wa sita, aliniita weye wa masanduku. Chai ya Mapendo ilitiwa sukari kabla hajaomba. Niliona yote hayo, nikayaweka moyoni.

Kioo cha saba kilikuwa cha kundi la nyota lililo karibu na kitovu cha galaksi yetu.

"Shefu, hapa iko safu mbili," alisema Mapendo.

"Kundi moja, safu moja, Mademoiselle."

"Mbili. Hizi za juu ziko na chuma mingi."

Shefu akainamia kioo. Kisha akanieleza, kwa mara ya kwanza kama mtu. Nyota hupika chuma tumboni, na zikifa hukirusha kama majivu. Zinazozaliwa baadaye huzaliwa na majivu ya wazazi. Kundi dogo haliwezi kuyashika, yanapotea. Kundi lililoyashika na kuzaa tena lilikuwa kubwa sana zamani, labda jiwe la msingi wa kitovu chenyewe.

"Kama ni kweli, jina la Mademoiselle litasomwa mbali," alisema. "Weye wa masanduku, pima bila kuona karatasi yake."

Nilipima siku nne. Safu zilikuwa mbili, zimeachana kama kingo za mto Ruzizi. Nikakumbuka sukari. Nikachukua karatasi mpya, nikashusha nukta za juu kidogo kidogo mpaka zikawa safu moja.

Shefu alilinganisha. "Hamupatane," alisema, akaitupa kazi yote.

"Ndugu, uliangalia vizuri?" Mapendo aliniuliza.

"Vizuri."

Wiki chache baadaye vita viliteremka bonde la Ruzizi, tukakimbilia ng'ambo ya ziwa. Tuliporudi, kituo hakikuwa na milango. Watu walikuwa wameosha vioo kwa maji ya moto mpaka picha zikatoka, na kuvifanya madirisha, mvua haingoji. Nikamalizia kazi kwenye ghala la bandari hadi kustaafu.

Mwaka jana nilisikia redioni kwamba wataalamu wa mbali wameona vizazi viwili vya nyota katika kundi la namna ile. Majina yalikuwa yao. Wivu uliniuma kama zamani, ila safari hii kwa ajili ya Mapendo. Nikaenda kwake Kalundu, anakouza ndagala, dagaa wa ziwani, nikamwambia nilivyoshusha nukta.

"Nilijua," alisema. "Karatasi yako ya siku ile ilikuwa safi. Yako haijakuwa safi hata siku moja."

"Na haukusema?"

"Wangesema minye niko na wivu na muntu wa masanduku."

Akanionyesha dirisha lake. Vioo viwili, buluu na nyekundu, namba saba pembeni, havikuoshwa.

"Weye ni mupimaji wa pili," alisema. "Maliza kazi."

Vijana, wivu hauvunji kioo. Unasogeza nukta tu, na nukta zinakungoja.

Nimepima tena dirishani kwake, jua likiwa taa. Imechukua wiki tatu, na karatasi imechakaa kwa kufutwa. Kioo cha saba, kipimo cha pili: safu mbili. Aliyeziona kwanza ni Mapendo.