Mahali pa Kufunga Turubai

Juzi sokoni Nyakasanza, hapa Bunia, muuza vitu vikuukuu alifungua gunia, akatoa tandiko la farasi. Harufu ya ngozi iliyolowa jasho ikanisimamisha.

Nilikuwa mdogo. Baba aliazima farasi kwenye shamba la ng'ombe upande wa Boga, akatupeleka sote tukalale nje. Shangazi, dada yake baba, akachagua kando ya mto. Mama akasema pale pana siafu, afadhali kilimani.

"Weye kila kitu unakataa," shangazi alisema. "Hata mutoto mwanaume ulikataa kuzalia ndugu yangu."

Baba alisikia, akaanza kufunga turubai kando ya mto. Mama akachukua mkeka wake, akapanda kilima peke yake.

"Mwenye kumufuata hatapanda farasi," baba alituambia.

Dada zangu walibaki. Mimi nilipanda kilima, nyasi zikinichana miguu, nikijua mama atanikumbatia. Hakunitazama.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu."

"Basi rudia kule. Unataka waseme ninakufundisha kuchukia baba yako?"

Sikurudi. Nikatazama dada zangu wakizungushwa juu ya farasi, wakicheka. Jua likaelekea kuzama, na shangazi akapaza sauti kutoka mtoni:

"Siafu iko wapi?"

Mama akasogea, akanipa nusu ya mkeka.

"Kesho hatutarudia Bunia pamoja nao," aliniambia. "Tutaenda kwa mama yangu, siye wawili."

Huko chini dada zangu walikuwa wakiniita nije nile.