Gunzi Kwenye Bomba la Mvuke

Mama hapendi kuambiwa. Majoho meupe ya kwaya ya kanisa letu huyafua yeye, na ole wako uyaguse na mikono michafu. Kwa hiyo bomba dogo la mvuke, juu ya paa la ploti yetu ya kupanga hapa mtaani Huruma, lilipoanza kuyadondoshea maji ya kutu, alilinyamazisha vile anavyoziba mtungi: alilichomekea gunzi la mahindi.

Bomba hilo linatoka kwenye tangi la maji moto. Mtambo wenyewe hauna pampu wala stima. Maji baridi hushuka kwenye paneli ya kioo, jua linayachemsha, nayo yanapanda tangini yenyewe. Fundi alituonya wapangaji wote: mvuke ukikosa pa kutokea, tangi litalipuka.

Jumamosi hiyo nilipopanda na beseni la pili nilisikia tangi likinguruma. Mifereji ilikuwa imekauka, mwangalizi wa ploti alikuwa amefunga vali zote, hivyo maji baridi hayakuingia tangini wala ya moto kutoka, na jua la mchana lilikuwa kali ajabu. Nikaliona gunzi. Mdomo wa bomba ulielekea kamba ya nguo, na Mama alisimama pale pale, pegi mdomoni.

"Mama, toka hapo! Hiyo tangi italipuka!"

Akatoa pegi mdomoni. "Italipuka nini? Si ni maji tu? Lete hiyo beseni."

"Mama, tafadhali!"

"Kwaya inaimba kesho. Ama unataka waimbe uchi?"

Jua halina swichi ya kuzima. Na kumvuta Mama nisingeweza, ana mwili na ana kiburi. Tangi likagonga kwa ndani. Hasira ikanipanda, nikanyakua majoho mawili mabichi kutoka kwenye kamba, nikakimbia nayo upande wa pili wa paa na kuyatupa juu ya kioo cha paneli chenye vumbi.

"We mtoto una wazimu?" Akanifuata mbio, kandambili mkononi.

Alikuwa bado hajanifikia gunzi liliporuka. Maji yanayochemka, mekundu kwa kutu, yakaimwagikia kamba aliyoiacha. Nilimkumbatia nikilia. Kandambili ilibaki hewani.

Jumapili kwaya iliimba na madoa mabegani. Mama alikuwa mstari wa mbele, mimi nyuma yake. Sikuimba hata ubeti mmoja. Nilikuwa naitazama shingo yake, nzima, haina hata lengelenge.